Samaki Mkunje Angali Mbichi: Somo la Kusimamisha Nyanya

Methali hii tumezoea kuitumia katika insha za malezi, lakini mkulima wa nyanya aweza kutufunza maana yake vizuri zaidi. Mnyanya hauna shina gumu kama la mtama. Ukishazaa, uzito wa matunda huulaza chini. Mvua ikinyesha, tope huruka hadi kwenye majani, ukungu huingia, na nyanya huoza kabla ya kufika sokoni. Huko Kirinyaga, Kajiado na Taita Taveta wako wanafunzi ambao karo yao hutoka kwenye nyanya hizo hizo. Basi mhimili wa mnyanya si pambo tu, ni ngao.

Wanafunzi wenzangu, kabla ya kukata mti hebu tujiulize maswali manne.

1. Nyanya ni ya aina gani? Money Maker huendelea kurefuka, kwa hivyo huhitaji mhimili wa mita 2 hivi. Cal J ni fupi. Wengi huiacha bila mhimili, wakatandaza nyasi kavu ili matunda yasiguse udongo.

2. Tutumie mti gani? Mwanzi ni mwepesi, mnyoofu, na ukiwekwa pakavu hutumika misimu kadhaa. Ufito wa mkaratusi pia ni imara, mradi umekauka. Usisimike mti mbichi unaochipuka upesi. Utaota mizizi, uanze kugombania chakula na mnyanya wenyewe!

3. Tusimike lini? Mara tu unapotoa mche kitaluni na kuupanda shambani. Hapo ndipo samaki angali mbichi. Ukingoja mmea ukomae, utakata mizizi yake. Mhimili uingie ardhini sentimita 40 au zaidi, kando kidogo ya shina.

4. Tufunge vipi? Tumia kamba ya katani au kitambaa kikuukuu, ukifuata umbo la nambari 8. Duara moja likaze mhimili, la pili lishike shina kwa ulegevu, kwani shina litanenepa. Waya usiguse shina, utalikata.

Na urembo je? Urembo wa shamba ni usawa. Kata fito zote kwa urefu mmoja na unyooshe mstari kwa kamba. Njia nyingine nadhifu ni kusimika nguzo kila baada ya mita 3, kutandika waya juu, na kuuteremshia kila mmea uzi wake. Mstari wa mita 12 wenye miche 21, iliyoachana sentimita 60, utahitaji nguzo 5 tu badala ya vijiti 21. Zile mbili za mwisho ziwe nene kuliko zote, maana ndizo zinazovutwa na waya.

Msimu ukiisha, sugua fito na uzianike juani. Zilizoshika mimea yenye ugonjwa usizirudishe shambani.

Msamiati
Ufito (wingi: fito): mti mwembamba na mrefu.
Mhimili (wingi: mihimili): kitu kinachobeba au kuegemewa na kingine.
Kitalu: mahali pa kuoteshea miche.

Zoezi
(a) Mstari wa mita 18 utahitaji nguzo ngapi?
(b) Andika kwa wingi: Ufito huu umeoza.
(c) Tunga kisa kifupi kinachooana na methali yetu, bila kutaja mtoto wala mzazi.

Majibu yaletwe kwenye mkutano wa chama. Karibuni nyote!