Kumpokea Asiye na Makao

Katika matendo saba ya huruma ya kimwili, mkatekumeni hushika upesi lile la kumlisha mwenye njaa, maana halihitaji maelezo mengi. Lile la kumpokea asiye na makao hulitaja kwa kinywa, kisha hulipita. Ukiwaacha waliofukuzwa na vita, ni nani kijijini asiye na nyumba? Mtoto akifiwa na wazazi, baba mdogo au mjomba humchukua. Nyumba ikiungua, watu huenda kukata miti na majani, na mwenyewe hulala tena chini ya paa lake. Kwa hiyo wengi hudhani kwamba asiye na makao amekosa fedha tu. Habari ya kijiji kimoja cha Marekani yaonyesha kwamba jambo hili lina mzizi mwingine.

Austin ni mji mkuu wa jimbo la Texas. Ni mji wenye mali nyingi, lakini chini ya madaraja yake na vichakani hulala watu wasio na mlango wa kufunga. Mwaka 1998 Mkristu mmoja wa parokia ya Mtakatifu Yohane Neumann mjini humo, jina lake Alan Graham, alianza pamoja na rafiki zake wachache kuwapelekea watu hao chakula. Kazi yake ilikuwa biashara ya viwanja na majengo. Shirika lao waliliita Mobile Loaves & Fishes, yaani Mikate na Samaki Iendayo, kwa kukumbuka jinsi Bwana Yesu alivyowashibisha watu wengi kwa mikate mitano na samaki wawili. Walijaza chakula garini wakazunguka nacho barabarani. Hawakumngoja maskini aje kubisha hodi parokiani.

Walifanya hivyo miaka mingi. Lakini mtu aliyepewa mkate leo alikutwa kesho mahali palepale, juu ya katoni ileile. Graham mwenyewe alilala nje pamoja nao siku nyingi, akawasikiliza. Mmoja alikuwa na ugonjwa wa akili, mwingine alifungwa na pombe, mwingine alitoka gerezani asione wa kumlaki. Ndipo akafikia neno ambalo amelirudia mara nyingi tangu hapo: kwamba chanzo kikubwa cha kukosa makao ni kupotewa na jamaa. Mwenye jamaa akifilisika, atalala kwa ndugu yake. Asiye na jamaa, hata ugonjwa mdogo humtupa njiani. Mwanakijiji wa Kongo ataelewa neno hili kuliko wakubwa wengi wa miji.

Basi ikampasa kutafuta shamba, ajenge kijiji. Jaribio la kwanza, katika kiwanja cha mji, lilikwama kwa kuwa majirani walikataa. Wengi wao hawakuwa watu wabaya. Walikubali kwamba maskini wasaidiwe, ila si karibu na mlango wao. Hatimaye shirika lilipata shamba la hekta 11 hivi upande wa mashariki, nje ya mpaka wa mji, mahali ambapo sheria za Texas haziwapi wakuu wa wilaya uwezo wa kuchagua nyumba za namna gani zijengwe. Kazi ya ujenzi ilianza mwaka 2014, na wakaaji wa kwanza waliingia mwishoni mwa mwaka 2015. Kijiji kiliitwa Community First! Village, maana yake kijiji kinachotanguliza jumuiya. Baadaye kiliongezwa hata kufikia hekta 20 hivi, kikapokea watu zaidi ya 300 waliokuwa wakilala nje. Mwaka 2022 ilianza kazi ya kukikuza tena, kwa shabaha ya kufikisha nyumba 1,900 hivi.

Nyumba zenyewe ni ndogo. Nyingine ni magari ya kukaa ndani, nyingine ni za chumba kimoja tu, zenye baraza mbele. Nyingi za vyumba hivyo hazina maji ndani. Jiko, bafu na mahali pa kufulia ni vya ushirika. Wageni wa Kimarekani hustaajabu. Mwanakijiji hatastaajabu, kwa kuwa jiko la uani na kisima cha wote amezaliwa navyo. Nia ni kwamba mtu atoke, asalimiwe, aulizwe ameamkaje.

Mwenye kuingia hutakiwa mambo matatu: alipe kodi ya nyumba, atii sheria za serikali, ashike kanuni za kijiji. Je, ni huruma gani hii inayomdai kodi aliyetoka chini ya daraja? Si swali baya. Lakini anayepewa kila kitu bure hubaki mgeni daima, na mwenye kulipa huweza kusema: hapa ni kwangu. Wengine hulipa kwa posho ambayo serikali huwapa wasiojiweza, wengine kwa kazi za kijijini: bustani, useremala, uhunzi, kuhudumia nyumba ya wageni.

Jambo jingine huwakwaza watu zaidi. Mlevi hatakiwi kuacha pombe kwanza ndipo apewe ufunguo. Wako wanaosema kwamba huko ni kuubembeleza uovu. Hata hivyo, mtu alalaye matopeni, anayeibiwa blanketi kila usiku, ataachaje pombe huko? Ni vigumu hata kwa mwenye kitanda na mke. Kanuni za kijiji hubaki, na mwenye kuwadhuru wengine hawezi kuendelea kukaa. Ila kupona hakukufanywa kuwa bei ya kuingia. Wala katika Injili ya Mateo, sura ya 25, Mwamuzi haulizi mgeni alikuwa mtu wa tabia gani.

Tena kijiji hakikuachiwa maskini peke yao. Watu ambao hawakupata kulala nje, wengine pamoja na watoto wao, wamehamia humo kwa hiari ili wawe majirani. Hilo pengine ni gumu kuliko kutoa fedha.

Wengi hufika wakiwa na miili iliyokwisha kuchakaa kwa miaka ya barabarani, wakafa mapema. Kwa ajili yao kijiji kina mahali pa kuhifadhia majivu ya marehemu, maana huko maiti nyingi huchomwa, jambo ambalo Kanisa limewaruhusu waamini tangu mwaka 1963. Mtu ambaye angezikwa na serikali pasipo mlilaji, husindikizwa na majirani wanaolijua jina lake, na majivu yake hubaki kijijini, karibu na baraza alimozoea kukaa.