Omeprazoli Humezwa Kabla ya Chai

Mtu amekula maharage na chapati saa mbili usiku. Saa nne kiungulia kinampanda hadi kooni. Anameza kapsuli ya omeprazoli, anasubiri, moto hauzimiki. Kesho yake anasema dawa ni feki. Mara nyingi dawa ni nzima, ila imemezwa saa isiyo yake.

Tuanze tumboni. Ukuta wa ndani una seli zinazotoa asidi ya haidrokloriki, kali kiasi cha kushusha pH hadi kati ya 1 na 2. Asidi hiyo humeng'enya protini na kuua vijidudu vingi tunavyovimeza pamoja na chakula, kwa hiyo tunaihitaji. Seli huitoa kwa pampu ndogo mno: kila moja husukuma haidrojeni nje na kuvuta potasiamu ndani. Usipokula, pampu nyingi hulala ndani ya seli. Chakula kikiingia, huamka.

Omeprazoli haigusi asidi iliyokwisha kumwagika. Kazi yake ni kufunga pampu, na safari yake ni ndefu. Chembechembe zilizomo kwenye kapsuli zimepakwa ganda linalostahimili asidi, ili zipite tumboni salama na kuyeyukia utumbo mdogo. Dawa huingia kwenye damu, kisha damu huirudisha kwenye seli zilezile za tumbo. Hapo, ikikuta pampu inayomwaga asidi, asidi yenyewe huigeuza dawa ikaing'ang'ania pampu hiyo isifanye kazi tena. Pampu iliyolala haiguswi. Na dawa haina muda wa kuisubiri: ndani ya saa moja hivi, nusu ya dawa imekwisha kutoka kwenye damu.

Kwa hiyo dawa inatakiwa iwe kwenye damu pampu zinapoamka. Ndiyo maana humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, kwa kawaida kabla ya chai ya asubuhi, bila kutafuna chembechembe zake. Seli huunda pampu mpya kila siku, hivyo nafuu kamili huchukua siku kadhaa. Kwa moto wa usiku mmoja, afadhali kidonge cha magnesiamu cha kutafuna, kwani chenyewe hupunguza asidi iliyopo. Usikichanganye tu na antibayotiki kama doksisaiklini au siprofloksasini. Hunasana nazo zisifyonzwe.

Wanaonitia wasiwasi hasa ni wanaomeza omeprazoli mwaka baada ya mwaka bila kupimwa. Asidi ikipungua muda mrefu, vitamini B12 na madini ya chuma hufyonzwa kwa shida, na magnesiamu ya damu huweza kushuka. Tumbo nalo hujibu kwa kuongeza homoni ya gastrini. Ukiacha dawa ghafla, kiungulia hurudi kwa kishindo, ukadhani ugonjwa haujapona. Daktari anaweza kukupunguzia taratibu. Anayetumia atazanaviri asiimeze kabla ya kumuuliza daktari wake, maana huzuia dawa hiyo ya VVU isifyonzwe.

Vidonda vya tumbo vingi husababishwa na bakteria Helicobacter pylori. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua. Omeprazoli peke yake hutuliza maumivu na kumwacha bakteria palepale. Lazima iambatane na antibayotiki. Kabla ya kipimo cha kinyesi au cha pumzi, daktari huagiza iachwe wiki 2, la sivyo bakteria hupungua na jibu likasema hayupo. Lakini choo kikiwa cheusi kama lami, au ukitapika damu, usisubiri kipimo wala asubuhi: nenda hospitali.