Maneno ya Mahakamani

1. Taa ya Mvuvi

Kigera, katika Musoma, wako watu wanaolima, wanaofuga, na wanaovua samaki katika ziwa la Viktoria. Wavuvi wa dagaa huenda ziwani usiku wa giza pamoja na taa zao, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga. Kwa mvuvi, taa ni kama jembe kwa mkulima. Akiibiwa taa, watoto wake hukosa chakula na ada.

Basi huu ni mfano. Mvuvi mmoja aliamka asubuhi akaona taa yake haipo. Siku ya tatu alikwenda sokoni, akamwona kijana ameshika taa iliyofanana na ile. Papo hapo akapiga kelele, "Mwizi! Mwizi!" Watu wakaja mbio, wengine na fimbo, wengine na mawe. Hapana aliyeuliza neno. Lakini mzee mmoja akaingia kati, akainua mkono wake, akasema, "Ngojeni, wanangu. Taa tumeiona sote. Huo wizi, ni nani aliyeuona?" Watu wakatazamana, wasiwe na la kujibu. Ndipo kijana akapelekwa kituo cha polisi, angali hai.

Wengi hawakuokoka kama kijana yule. Wameuawa njiani na sokoni kwa sababu ya neno moja lililotamkwa kabla ya wakati wake. Kwa hiyo yafaa kila mwanafunzi ajue maneno ya mahakamani, maana kila neno huonyesha jambo limefikia wapi, na ni kiasi gani kimekwisha kuthibitishwa.

2. Majina ya Mtu Mmoja

Mtu aliyeshikwa huitwa kwa majina mbalimbali, na majina hayo yamepangwa kama vipandio vya ngazi. Haifai kuruka hata kimoja.

Kwanza ni MTUHUMIWA. Huyu ni mtu anayedhaniwa kuwa ametenda kosa. Polisi wanachunguza, na pengine wataona kwamba hakutenda.

Pili ni MSHTAKIWA. Huyu amefikishwa mbele ya mahakama, na shtaka lake limeandikwa na kusomwa. Hata hapo bado hajaitwa mkosaji. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 13, yakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia mpaka ithibitike kwamba anayo hatia.

Tatu ni MWENYE HATIA. Huyu mahakama imesikiliza habari zake, ikaona kwamba shtaka ni kweli. Husemwa kwamba "ametiwa hatiani." Mahakama isipoona hivyo, mshtakiwa "huachiwa huru."

Nne ni MFUNGWA. Huyu ametiwa hatiani, kisha akapewa adhabu ya kukaa gerezani. Wenye hatia wote si wafungwa, kwa kuwa wengine hutozwa faini, na wengine hupewa adhabu nyingine.

Tena liko jina MAHABUSU, ambalo watu wengi hulichanganya na mfungwa. Mahabusu amezuiliwa akingoja kesi yake, na huenda akalala gerezani pamoja na wafungwa, lakini hukumu yake haijatoka. Amwitaye mahabusu mfungwa amemhukumu kabla ya hakimu.

3. Dhamana

Yule kijana wa taa hakukaa mahabusu siku nyingi, kwa kuwa mjomba wake alimwekea DHAMANA. Dhamana ni ahadi kwamba mshtakiwa atarudi mahakamani siku atakayoitwa. Atoaye ahadi hiyo huitwa MDHAMINI. Mshtakiwa akitoroka, mdhamini aweza kudaiwa fedha alizoahidi.

Yako makosa mawili ambayo watu huyafanya juu ya neno hili. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba dhamana ni malipo ya kununua uhuru. Dhamana haiuzwi, na mtu akitaka fedha za kificho ili aitoe, ataka rushwa. Kosa la pili ni kudhani kwamba aliyepata dhamana ameshinda kesi. Majirani wa mvuvi walipomwona kijana amerudi nyumbani, walinung'unika wakisema, "Amekwisha kuachiwa!" Sivyo. Kesi yake ilikuwa ingali inangoja. Hata hivyo si kila shtaka lina dhamana. Anayeshtakiwa kwa kuua kwa kukusudia, au kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, hukaa mahabusu mpaka kesi yake iishe.

4. Siku ya Kesi

Siku ilipofika, kijana alisimama katika Mahakama ya Mwanzo. SHTAKA likasomwa: kwamba aliiba taa ya mvuvi. Shtaka ni maneno yanayoeleza kosa gani limetendwa, lini, na mahali gani. Ni lazima lisomwe kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa, maana mtu hawezi kujibu asichokielewa.

Hakimu akauliza, "Je, ni kweli au si kweli?"

Kijana alitetemeka, akajibu upesi, "Ni kweli, Mheshimiwa."

Hakimu akaweka kalamu chini. "Kweli ipi?" akauliza. "Ni kweli ulikuwa na taa, au ni kweli uliiba?"

"Ni kweli nilikuwa na taa, Mheshimiwa. Lakini sikuiba. Niliinunua."

Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa AMEKANA shtaka.

Hapo pana jambo la kukumbukwa sana. KUKIRI KOSA maana yake ni kukubali kila sehemu ya shtaka. Mtu akikiri, mahakama yaweza kumtia hatiani bila ya kuita shahidi hata mmoja, na baadaye ni vigumu sana kwake kukata rufani juu ya hatia ile, ila juu ya adhabu tu. Wako waliokiri kwa sababu ya hofu, na wengine kwa sababu walitaka jambo liishe upesi warudi nyumbani. Yampasa mtu ajibu polepole, aseme ni lipi analokubali na ni lipi analokataa. Tena, kama hakulielewa shtaka, aombe lisomwe mara ya pili. Kuomba hivyo si utovu wa adabu.

Kisha wakaitwa MASHAHIDI. Shahidi ni mtu anayeeleza aliyoyaona kwa macho yake au kuyasikia kwa masikio yake, na maelezo yake huitwa USHAHIDI. Mvuvi akaonyesha alama aliyoikwaruza chini ya taa, na wote wakaona kwamba taa ni yake kweli. Jirani yake akasema, "Nilisikia watu wakisema kijana huyu ni mwizi." Hakimu akamwuliza, "Wewe uliona nini?" Akajibu, "Sikuona." Maneno kama hayo ni uvumi, nayo hayawezi kumfunga mtu. Mwishowe akaja mama mmoja auzaye dagaa, akasema aliona kwa macho yake kijana akimlipa mgeni mmoja fedha, na mgeni yule akimpa taa mchana kweupe.

Katika kesi ya jinai, si kazi ya mshtakiwa kuthibitisha kwamba yu safi. Anayeshtaki ndiye athibitishe kosa, tena pasibaki shaka la maana. Shaka la maana likibaki, faida yake ni ya mshtakiwa. Basi hakimu akaamuru taa irudishwe kwa mvuvi mwenyewe, na kijana akaachiwa huru. Fedha zake zilikuwa zimepotea, kwa kuwa hakumjua mgeni yule wala hakupewa stakabadhi. Lakini jina lake lilisalimika. Na lau watu wa sokoni wangalitumia mawe yao, wangaliua mtu asiye na hatia, na wao wenyewe wangalishtakiwa kwa kuua.

5. Jinai na Madai

Mambo yote yaendayo mahakamani hayawi ya namna moja. JINAI ni kosa ambalo sheria imelikataza na kuliwekea adhabu, kama wizi au kupiga mtu. Kosa hilo huhesabiwa kuwa limevunja amani ya watu wote. Kwa hiyo katika mahakama za juu anayeshtaki ni Jamhuri.

MADAI ni shauri la mtu na mwenzake juu ya haki yao. Mfano wake ni huu: mtu ameazima mtumbwi wa jirani, akaurudisha umepasuka, akakataa kugharimia matengenezo. Mwenye mtumbwi ni MDAI, na yule mwingine ni MDAIWA. Hapana mwizi hapa. Mahakama haitafuti wa kumpeleka gerezani. Hupima ushahidi wa pande mbili kama katika mizani, na upande wenye ushahidi mzito ndio unaoshinda. Mdai akishinda hulipwa FIDIA, yaani malipo ya hasara aliyopata. Mashauri mengi ya namna hii huweza kumalizwa kwa SULUHU, watu wakapatana wenyewe. Na Katiba yaagiza mahakama zikuze usuluhishi katika mashauri ya madai.

6. Hukumu, Adhabu, na Rufani

HUKUMU ni maamuzi ya mahakama pamoja na sababu zake. ADHABU ni kile apewacho mwenye hatia baada ya hukumu. Haya ni mambo mawili, na kesi moja ya kweli yaonyesha tofauti yake.

Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza masomo yake katika shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Mwaka 1958, naye ni kiongozi wa TANU, aliandika katika gazeti dogo la chama, Sauti ya TANU, maneno makali juu ya wakuu wawili wa wilaya, watumishi wa serikali ya Kiingereza. Akashtakiwa kwa KASHFA, yaani kuandika maneno ya kumvunjia mtu heshima yake. Kesi ilisikilizwa Dar es Salaam, na wakili D. N. Pritt alitoka Uingereza kuja kumtetea. WAKILI ni mtu aliyesomea sheria, anayesema mahakamani kwa niaba ya mwingine.

Hukumu ilikuwa kwamba anayo hatia. Adhabu ilikuwa faini ya shilingi 3,000, AU kifungo cha miezi sita. Neno hilo "au" ni dogo, lakini lilikuwa na miezi sita ndani yake. Faini ikalipwa, naye hakwenda gerezani. Alikuwa mwenye hatia, asiwe mfungwa. Mwaka 1961 Tanganyika ilipata uhuru, na mtu yule yule akawa Waziri Mkuu wake wa kwanza.

Mtu asiyeridhika na hukumu ana haki ya RUFANI. Kukata rufani ni kuiomba mahakama iliyo juu iangalie kama ile ya chini ilikosea. Kutoka Mahakama ya Mwanzo rufani huenda Mahakama ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu, na juu ya zote ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoundwa mwaka 1979. Rufani ina siku zake. Kutoka Mahakama ya Mwanzo ni siku 30. Atakayeketi nyumbani akilalamika kwa majirani mpaka siku hizo zikapita, ataona mlango umefungwa, isipokuwa mahakama imkubalie kuchelewa kwake kwa sababu ya haki. Kwa hiyo mtu akishindwa, jambo la kwanza ni kuomba nakala ya hukumu na kuhesabu siku.

7. Lugha ya Sheria

Kesi ile ya mwaka 1958 ilisemwa kwa Kiingereza, na mwananchi asiyeijua lugha hiyo hakuweza kuifuata, hata kama angeketi ndani. Mahakama za Mwanzo zimetumia Kiswahili kwa miaka mingi, na sheria ya mwaka 2021 ikaagiza Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama zote, ingawa Kiingereza kingali chaweza kutumika kwa sababu maalum. Sasa maneno ya mahakamani yako katika lugha ya sokoni na ya shuleni. Mtoto aliyeyajua aweza kumsomea babu yake hati iliyoletwa nyumbani, akamweleza kama yeye ni mdaiwa au ni shahidi tu, na siku gani yampasa afike. Na siku atakaposikia kelele ya "Mwizi!" aweza kuuliza kama mzee yule alivyouliza.

Maswali

1. Kwa nini mzee alisema, "Taa tumeiona sote"?
2. Eleza tofauti ya mtuhumiwa, mshtakiwa, mwenye hatia na mfungwa.
3. Mahabusu ni nani?
4. Kijana alipojibu "Ni kweli" mara ya kwanza, alitaka kusema nini? Je, ingalikuwaje kama hakimu hangemwuliza tena?
5. Mtu ameazima baiskeli ya mwenzake akaivunja. Je, hii ni jinai au ni madai? Toa sababu.
6. Katika kesi ya mwaka 1958, hukumu ilikuwa nini, na adhabu ilikuwa nini?
7. Mtu ameshindwa katika Mahakama ya Mwanzo tarehe 1 Juni. Mwandikie barua fupi ya kumweleza la kufanya, na kwa nini asikawie.