Mwili Hujifunza Joto na Baridi, Kisha Husahau



Kila mwaka ifikapo Juni, safu za Alfajiri hapa Lilongwe hupungua. Usiku joto hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 10, na maji ya udhu yanauma vidole. Huko Dzaleka, katika nyanda za juu za Dowa, ndugu aliyefika majuzi kutoka Uvira anaingia msikitini amejifunika blanketi. Pembeni yake yupo aliyefika miaka mingi iliyopita, amevaa kanzu na sweta jepesi. Na hapo ndipo hutoka lile neno la mzaha: "Kaka, imani yako inashindwa na baridi?"

Somo letu leo linataka kuonyesha kwa nini neno hilo si sahihi. Kuvumilia joto au baridi kwa sehemu kubwa ni suala la siku ambazo mwili umepewa kujifunza. Anayelijua hili atamtendea mgeni kwa uadilifu, na huenda akaokoa maisha.

1. Mwili unavyojifunza joto

Joto la ndani ya mwili wa binadamu hukaa karibu na nyuzi 37. Likipanda kupita 40, ubongo na viungo vingine huanza kuharibika. Hicho ndicho kiharusi cha joto. Kinga yetu kubwa ni jasho, kwa kuwa linapokauka juu ya ngozi huondoka na joto.

Mtu asiyezoea joto akianza kazi nzito juani, moyo hupiga mbio, jasho huchelewa kutoka, nalo hubeba chumvi nyingi. Akirudia kila siku, mabadiliko huja kwa mpangilio. Katika siku tatu hadi sita za mwanzo maji ya damu huongezeka, hivyo moyo hupiga polepole zaidi kwa kazi ileile. Kisha jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi zaidi, na tezi za jasho hujifunza kurudisha chumvi mwilini. Baada ya siku 10 hadi 14 sehemu kubwa ya somo imekamilika.

Lakini somo hili halidumu. Mtu akikaa mbali na joto kwa wiki tatu au nne, karibu yote aliyoyapata hupotea. Ndiyo maana aliyezaliwa Uvira au Bujumbura, akiishi miaka kadhaa Dzaleka kisha akarudi kusalimia, hulalamikia joto la kwao kama mgeni.

Kuna jambo moja linalobaki. Mwanafiziolojia wa Japani, Yas Kuno, aligundua kwamba idadi ya tezi za jasho zinazofanya kazi huamuliwa katika miaka miwili hivi ya mwanzo wa uhai. Wajapani waliozaliwa nchi za joto walikuwa na tezi hai nyingi kuliko waliozaliwa Japani. Yaani utotoni mwili huwekewa vifaa, na ukubwani hujifunza tu kuvitumia. Uzeeni uwezo hupungua tena: jasho huchelewa na kiu haisikiki vizuri. Mzee husema hana kiu ilhali mwili wake umekaukiwa.

2. Somo lililonunuliwa kwa roho za watu

Wazee wa Malawi wanalikumbuka jina la Wenela, shirika lililoandikisha vijana kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Chini kabisa ya ardhi mwamba ni wa moto na hewa imejaa unyevu, jasho halikauki. Katika miaka ya 1920 wachimbaji walianza kufa kwa kiharusi cha joto. Katika miaka ya 1930 daktari Dreosti wa mgodi wa City Deep, Johannesburg, alionyesha kwamba wageni wanaweza kuzoezwa kabla ya kupewa kazi nzito. Baadaye migodi ilijenga vyumba vya joto na unyevu ambamo wafanyakazi wapya walipanda na kushuka kwenye ngazi fupi kwa muda wa saa nne kila siku, siku kadhaa mfululizo.

Tusijidanganye: waliofanya hivyo walikuwa wakiitafuta dhahabu. Hata hivyo somo limebaki. Leo taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mfanyakazi mgeni afanye kazi kwenye joto asilimia 20 tu ya muda wa kawaida siku ya kwanza, kisha aongezewe asilimia 20 kila siku. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya vifo vya joto kazini hutokea katika siku za mwanzo kabisa.

Kwa hiyo wewe unayetafuta kibarua, au ganyu kama wasemavyo wenyeji, ya kupakia magunia Kanengo wakati wa likizo ya Oktoba, usishindane siku ya kwanza na aliyeko pale tangu mwaka jana. Na wewe uliyemtangulia, usimwite mvivu.

3. Baridi ni mwalimu mgumu

Kwa baridi mwili hujifunza kidogo, na polepole. Anayekutana nayo kila siku hupunguza kutetemeka na huacha kuiona kuwa mateso. Wengine huongeza kazi ya mafuta ya kahawia, ambayo huchomwa kutoa joto. Lakini tahadhari: kutosikia baridi si kukingwa nayo. Joto la ndani linaweza kuendelea kushuka wakati mtu anajiona yuko sawa.

Mfano mashuhuri ni wanawake wapiga mbizi wa Korea, ambao kwa vizazi walizamia bahari ya baridi wakiwa na mavazi ya pamba tu. Watafiti waliwakuta na uvumilivu wa ajabu. Walipoanza kuvaa mavazi ya mpira katika miaka ya 1970, uvumilivu ule ulitoweka ndani ya miaka michache.

Basi tegemeo letu kubwa kwa baridi ni nguo, blanketi, chakula na paa lisilopitisha upepo. Katika Suratun-Nahl, aya ya 81, Allah (S.W.) anayataja makazi na mavazi yanayotukinga miongoni mwa neema zake. Kumpa mgeni sweta ni kumfikishia neema hiyo. Na tuonyane: mbaula ya makaa isilale ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake usioonekana, kaboni monoksidi, huua watu usingizini.

4. Dini haikuamrisha kujiangamiza

Kutawadha vizuri wakati wa tabu kuna malipo makubwa, na hadithi zake tunazijua. Lakini kumbuka kisa cha Amr bin Al-As (R.A.) alichokipokea Abu Daud: alipatwa na janaba usiku wa baridi kali safarini, akahofia kufa akioga, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Alipoulizwa na Mtume (S.A.W.) alitoa hoja ya aya inayokataza kujiua, iliyo katika Suratun-Nisaa, na Mtume akatabasamu bila kumkemea. Ruhusa hii ni ya mwenye hofu ya kweli ya madhara. Kama maji yanaweza kupashwa moto, yapashwe. Kwa hali yako mahususi, muulize sheikh wako. Vilevile Mtume (S.A.W.) alielekeza Adhuhuri icheleweshwe mpaka makali ya joto yapungue.

5. Kwa anayenuia Hija

Hija ya 2024 iliangukia Juni, wakati sisi tumejifunika mablanketi. Makka joto lilipita nyuzi 50, na serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo zaidi ya 1,300, wengi wao wakiwa waliokwenda bila kibali na kutembea mbali juani bila kivuli. Hija husogea nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka na sasa inatoka katika kiangazi cha huko, lakini hata Mei jua la Makka ni kali. Anayetoka kwenye baridi yetu ana mwili uliosahau joto. Mzazi wako akijaaliwa kwenda, msaidie: wiki mbili kabla ya safari atembee mchana kila siku mpaka atoke jasho, kwa kiasi cha afya yake. Akifika, asitumie nguvu zote siku za mwanzo, anywe maji kabla ya kiu, na mwavuli usimtoke mkononi.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Kwa nini aliyezoea joto hutoka jasho mapema kuliko mgeni?
2. Kuna tofauti gani kati ya kuzoea baridi na kukingwa na baridi?
3. Msikiti wetu unaweza kufanya nini kabla ya Juni ili mgeni wa Dzaleka asikose Alfajiri? Anzeni na maji ya moto ya udhu.

Allah atupe elimu yenye manufaa na atujaalie huruma kwa wageni wetu. Aamin.