Picha Sahihi za Urithi wa Kale

Mwaka 2011 taasisi ya Europeana, inayounganisha kumbukumbu za majumba ya makumbusho na maktaba za Ulaya, ilieleza tatizo lililolikabili jumba la Rijksmuseum la mjini Amsterdam, Uholanzi. Jumba hilo linahifadhi mchoro mashuhuri wa Johannes Vermeer, aliyefariki mwaka 1675, unaoonyesha mtumishi wa kike akimimina maziwa. Katika intaneti zilikuwamo nakala zaidi ya 10,000 za mchoro huo, nyingi kati yake zikiwa hafifu na zenye umanjano uliozidi. Wageni walipoziona kadi za posta katika duka la jumba hilo, ambazo rangi zake zilikuwa sahihi, hawakusadiki kwamba zilionyesha mchoro wenyewe. Macho yalikuwa yamezoea nakala mbovu hata ile iliyo sahihi ikatiliwa shaka.

Kisa hicho kina funzo kwa kila mwenye dhamana ya vitu vya kale. Picha mbovu haiondoki kwa kuifungia kabatini picha nzuri. Huondoka pale picha nzuri inapotolewa ili watu waitumie. Makala haya yanaeleza mambo matatu yanayoifanya picha ya namna hiyo iaminike na itumike tena na tena.

1. Wingi wa pikseli

Picha ya kompyuta ni jedwali la vipande vidogo viitwavyo pikseli, na kila kipande huwa na rangi moja tu. Mchoro wa Vermeer una urefu wa sentimita 45.5 na upana wa sentimita 41. Ikiwa picha yake ina pikseli 500 kwa urefu, kila pikseli huwakilisha milimita 455 ÷ 500, yaani milimita 0.91 za mchoro. Alama yoyote iliyo ndogo kuliko kipimo hicho humezwa na rangi za jirani zake.

Picha ikichukuliwa kwa pikseli 300 katika kila inchi (milimita 25.4), kila pikseli huwakilisha milimita 0.085 tu. Picha nzima huwa na pikseli 5,374 kwa 4,843, yaani takriban milioni 26. Kwa kawaida kila pikseli huhitaji baiti tatu. Kwa hiyo picha hiyo huchukua baiti milioni 78 kabla ya kubanwa.

Je, ukubwa huo una faida? Jibu linapatikana katika hati za kale za pwani ya Afrika Mashariki, kama zile za Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ambazo zilipigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Katika mwandiko wa Kiarabu, ambao ndio uliotumiwa pia kuandika tenzi za kale za Kiswahili, herufi ba, ta na tha zina umbo moja. Kinachozitenganisha ni nukta: moja chini, mbili juu, au tatu juu. Nukta ikipotea, herufi hubadilika, na pamoja nayo neno.

Kanuni ni kwamba pikseli isizidi nusu ya ukubwa wa alama ndogo kabisa inayotakiwa kuonekana. Kwa nukta yenye upana wa milimita 0.5, pikseli isizidi milimita 0.25, yaani ziwepo zisizopungua 102 kwa inchi. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Kwa kuwa kingo za wino hufifia na lenzi nayo hupoteza kiasi, wapigapicha wa hati huchukua 300 au zaidi.

2. Usahihi wa rangi

Kamera hupima nuru nyekundu, kijani na buluu, na mara nyingi kila moja hupewa namba kati ya 0 na 255. Taa ya balbu ya waya hutoa nuru nyekundu nyingi na buluu kidogo. Ndiyo maana karatasi nyeupe iliyopigwa picha usiku huonekana ya manjano.

Tiba yake ni kuweka kando ya kitu kadi ya kijivu, ambayo namba zake tatu hupaswa kulingana. Na ichukuliwe kwamba kadi imesomeka 200, 180 na 140. Nyekundu itazidishwa kwa 180 ÷ 200 = 0.9, na buluu kwa 180 ÷ 140 = 1.29. Vizidisho hivyo vikitumika katika picha nzima, rangi hukaribia zile za asili. Pasipo kadi, msahihishaji hubaki kubahatisha.

Jambo jingine ni namna ya kuhifadhi. Faili ya JPEG hupunguza ukubwa kwa kutupa sehemu ya habari, na kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya huweza kupoteza zaidi. Picha ya asili yafaa kuwekwa katika TIFF isiyopoteza kitu, na JPEG itolewe kutokana nayo.

3. Maelezo na ruhusa

Picha nzuri isiyo na maelezo ni kama dawa isiyo na jina. Yapasa iandamane na jina la kitu, mtengenezaji, tarehe, vipimo, mahali kilipo, na ruhusa ya matumizi iliyoandikwa waziwazi. Mwalimu asiyejua kama anaruhusiwa kuchapisha picha huiacha, kisha hutumia nakala isiyojulikana ilikotoka.

Mwaka 2012 Rijksmuseum ilifungua huduma ya Rijksstudio ikiwa na picha 125,000, na watu wakakaribishwa kuzipakua na kuzitumia. Si kila kitu chafaa kutolewa hivyo: vitu vya ibada na kumbukumbu za jamii huhitaji kwanza idhini ya wenyewe. Lakini kitu kisicho na kizuizi kikitolewa kwa ubora hafifu, anayepotoshwa ni msomaji, na hasa mwanafunzi ambaye hatafika kamwe kukiona chenyewe.

Zoezi

1. Piga picha ukurasa mmoja wa kitabu mchana karibu na dirisha, kisha usiku chini ya taa. Weka karatasi nyeupe na rula kando yake. Linganisha rangi za picha hizo mbili.
2. Kwa kutumia rula iliyo pichani, tafuta idadi ya pikseli katika kila milimita.
3. Ukurasa una sentimita 21 kwa 29.7. Kokotoa idadi ya pikseli zake kwa kiwango cha 300 kwa inchi. (Jibu: takriban milioni 8.7.)