Matope ya Pasaka

Mwaka 1963, wakati wa Pasaka, magari 84 yalianza mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Magari yote yalikuwa mazima. Madereva wake walikuwa hodari. Mengine yaliletwa kwa meli kutoka Ulaya, pamoja na mafundi wake. Siku chache baadaye, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu.

Je, mengine yalikuwa wapi? Mengine yalizama katika matope hadi milangoni. Mengine yalikatika springi. Mengine yalisimama kando ya mito, injini zikiwa zimeingia maji. Hayakushindwa kwa kukosa mbio. Yalishindwa na njia.

Katika somo hili tutaona njia ile iliyafanya nini magari yale, na jinsi watu wachache walivyoweza kuipita. Huenda wewe huna gari. Lakini unapanda basi. Huenda kijiji chako kina trekta au mashine ya kusaga. Matope, maji na vumbi havichagui.

MASHINDANO YALIVYOANZA

Mashindano haya yalifanyika mara ya kwanza mwaka 1953. Wakati huo Kenya, Uganda na Tanganyika zilitawaliwa na Waingereza. Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alikuwa karibu kuvikwa taji. Basi wapenzi wa magari wa Nairobi wakaamua kusherehekea kwa kufanya mbio ndefu kupita nchi zote tatu. Walikuwa wamechoka kuzunguka katika kiwanja kimoja kama ng'ombe wa kukamua mafuta.

Magari ya mwaka ule yalikuwa ya kawaida, kama yale yaliyouzwa madukani. Tena hayakupangwa kwa nguvu za injini. Yalipangwa kwa bei! Gari la bei ndogo lilishindana na la bei ndogo, na la bei kubwa na la bei kubwa.

Mwaka 1960 mashindano yalipewa jina la Safari ya Afrika Mashariki. Neno letu "safari" likawa linatamkwa na wapenzi wa magari duniani kote. Yalifanyika wakati wa Pasaka, nawe unajua Pasaka huangukia miezi gani. Ni wakati wa masika. Njia ilikuwa karibu kilometa 5,000, na sehemu kubwa haikuwa na lami. Magari yalivuka nyika ya Taru yenye vumbi, yakapanda milima ya Usambara na ya Mbulu, yakapita kwenye mbuga za udongo mweusi. Barabara hazikufungwa. Dereva wa mbio aliweza kukutana na basi, mkokoteni au kundi la mbuzi.

GARI LINAZAMA VIPI?

Umewahi kusukuma mkokoteni penye utelezi? Una nguvu, lakini miguu yako haishiki ardhi. Unasukuma, unateleza, mkokoteni umesimama palepale. Gari nalo ni hivyo hivyo. Injini inaweza kuwa na nguvu nyingi, lakini kama tairi halishiki ardhi, nguvu hizo ni bure. Tairi linazunguka mahali pamoja, linachimba shimo, na gari linakaa juu ya tumbo lake.

Udongo mweusi wa mbuga ndio mbaya zaidi. Ukikauka unapasuka. Ukilowa unanata kama ugali mbichi, unajaa kwenye mistari ya tairi, na tairi linakuwa laini kama sabuni.

Sasa tazama jambo la ajabu. Gari lililoongoza mwaka 1953 halikuwa kubwa wala la kifahari. Lilikuwa Volkswagen ndogo, ile yenye umbo la kobe. Volkswagen ilishinda tena mwaka 1954, 1957 na 1962. Kwa nini? Injini ya gari hili iko nyuma, na magurudumu yanayosukuma gari ni ya nyuma pia. Kwa hiyo uzito wa injini unayakandamiza magurudumu yale yale yanayofanya kazi. Yanashika ardhi. Tena gari lote ni jepesi, na likikwama watu wachache wanaweza kulinyanyua.

Wenye magari ya injini ya mbele walifanyaje? Kila gari lilikuwa na watu wawili, dereva na msaidizi wake. Magari mengi yaliwekwa vishikio na vikanyagio kwa nyuma. Gari likianza kuteleza, msaidizi alitoka, akasimama huko nyuma na kurukaruka ili kuongeza uzito juu ya magurudumu. Gari likitoka kwenye matope dereva hakuthubutu kusimama mpaka apate mahali pakavu. Msaidizi alikaa hukohuko nyuma, amelowa matope kutoka kichwani hadi miguuni. Kazi ya msaidizi haina sifa, lakini mimi naona yeye ndiye aliyefanya kazi ngumu zaidi.

Na pale ambapo msaidizi hakutosha, walikuja wanavijiji. Magari mengi ya Safari yalitolewa matopeni na mikono ya wakulima waliokuwa wamesimama kutazama.

Basi gari likikwama kijijini kwenu, mwambie dereva asikanyage mafuta kwa nguvu. Atachimba tu. Ondoeni matope mbele ya magurudumu, wekeni matawi au changarawe chini yake, halafu aondoe gari polepole. Wanaosukuma wasisimame nyuma ya tairi moja kwa moja. Tairi likishika ghafula hurusha mawe.

MAJI NA INJINI

Injini ya petroli inahitaji vitu vitatu: petroli, hewa na cheche ya umeme. Maji yanaweza kuharibu viwili kati ya hivyo.

Kwanza, maji yanazima cheche. Umeme unapita katika nyaya mpaka kwenye plagi. Nyaya zikilowa, umeme unapotea njiani, na injini inazimika. Tatizo hili si kubwa sana. Ukikausha nyaya na plagi kwa kitambaa kikavu, mara nyingi injini itawaka tena.

Tatizo la pili linaua injini. Injini inavuta hewa kwa nguvu, kama mtu anayekimbia. Mdomo wake wa kuvutia hewa ukifikiwa na maji, itavuta maji. Ndani ya injini kuna pistoni inayopanda na kushuka. Kazi yake mojawapo ni kuibana hewa. Hewa inabanika, lakini maji hayabaniki. Jaza chupa maji pomoni, kisha jaribu kushindilia kizibo ndani. Hakiingii. Pistoni inapokutana na maji inagota, na mkono wa chuma unaoisukuma unapinda au unavunjika. Hapo kitambaa hakisaidii. Injini ya dizeli haitumii cheche, lakini tatizo hili la pili inalo sawasawa.

Madereva wa Safari waliokuwa wazoefu walisimama kabla ya mto. Walishuka, wakapima kina kwa miguu yao. Walifunika rejeta kwa gunia au turubai ili feni isirushe maji juu ya injini. Kisha waliingia polepole kwa gia ndogo, bila kuachia mafuta. Wageni wengi waliingia mtoni kwa kasi ili maji yaruke, watu washangilie. Maji yaliruka kweli. Watu walishangilia. Gari likabaki mtoni.

Ndugu msomaji, hapa nataka usome polepole. Maji yaliyotulia ni jambo moja, na maji yanayokwenda kasi ni jambo jingine. Maji ya kasi yanayofika magotini yanaweza kulisukuma gari dogo. Yakizidi hapo, hata gari kubwa linaweza kuelea na kupoteza mshiko wake. Mimi niliwahi kuwa ndani ya basi lililofika kwenye mto uliofurika usiku. Dereva alitaka kupita kwa sababu alikuwa amechelewa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama akasema, "Mwanangu, nifungulie mlango, mimi nitangoja hapa mpaka asubuhi." Akashuka. Tukashuka sote, mmoja mmoja. Dereva akabaki na utingo wake, na basi halikuvuka. Asubuhi tuliona kuwa maji yalikuwa yameondoa kipande kizima cha barabara. Usiku hatukuweza kukiona. Abiria ana haki ya kushuka.

VUMBI

Masika yakichelewa, magari ya Safari hayakukutana na matope bali na vumbi. Gari la kwanza lilikuwa na bahati. Yaliyofuata yalikwenda kama ndani ya moshi, dereva haoni hata boneti yake.

Lakini vumbi lina madhara mengine yasiyoonekana. Vumbi ni mawe madogo sana. Likiingia ndani ya injini linafanya kazi kama tupa. Linakwangua kuta anamopita pistoni kila inapopanda na kushuka. Injini inaanza kula oili, inatoa moshi wa bluu, na nguvu zinapungua. Kinachozuia hayo ni chujio la hewa. Mafundi wa Safari walilisafisha au kulibadilisha kila walipopata nafasi.

Mashine ya kusaga ya kijiji inayo chujio la namna hiyo. Tena hiyo inafanya kazi mahali penye vumbi la njia na vumbi la unga. Kamati ya mashine ikisema, "Mashine imezeeka," muulizeni mwendeshaji: chujio lilisafishwa lini?

GARI KUUKUU LA FUNDI WA KERICHO

Mwaka 1932, huko Kericho nchini Kenya, alizaliwa mtoto aliyeitwa Joginder Singh. Baba yake alikuwa na gereji. Mtoto alikulia kati ya spana na mikebe ya oili, naye akawa fundi. Baadaye alianza kushindana katika Safari. Watu walimwita Simba.

Mwaka 1964 kiwanda cha Volvo cha Sweden kilileta magari yake katika Safari, nayo hayakufanikiwa. Joginder na ndugu yake Jaswant walinunua moja kati ya magari yale yaliyotumika. Lilikuwa Volvo PV544. Umbo lake lilikuwa la zamani, mgongo mviringo, na mwaka 1965 ndio uliokuwa wa mwisho kwa kiwanda kulitengeneza. Ndugu hawa walilitengeneza wenyewe, wakaingia nalo katika Safari ya mwaka huo wa 1965. Walikuwa wa kwanza.

Kiwanda chenye fedha na mafundi wengi kilishindwa na gari lile. Ndugu wawili walilichukua likiwa limekwisha kutumika, wakashinda nalo. Tofauti ilikuwa nini? Fundi anayeendesha gari lake husikia kila mlio. Akisikia springi inalia, anajua ni ipi, na anajua bado itavumilia kilometa ngapi. Dereva asiyejua ufundi husikia kelele tu.

Joginder alishinda tena mwaka 1974 kwa gari dogo la Mitsubishi Lancer. Aliyekuwa wa pili alikuwa Björn Waldegård wa Sweden, mwenye Porsche yenye nguvu nyingi zaidi. Akashinda mara ya tatu mwaka 1976. Katika Safari 22 alizoingia, alifika mwisho mara 19. Mimi huiona hesabu hii kuwa kubwa kuliko zile mara tatu za ushindi. Alifariki London mwaka 2013.

Hakuwa peke yake. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, kwa gari la Peugeot 404. Peugeot za aina hiyo wazee wetu wanazikumbuka, kwa kuwa zilibeba abiria miaka mingi katika barabara zetu. Mwaka 1968 walimaliza saba tu tena, kama mwaka 1963, na mshindi alikuwa yule yule, Nick Nowicki wa Kenya, akiwa na msaidizi wake Paddy Cliff. Madereva mashuhuri kutoka Ulaya walikuja mwaka baada ya mwaka. Hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeshinda mpaka mwaka 1972, alipokuja Hannu Mikkola wa Finland na Ford Escort.

USIMAME WAPI?

Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 mashindano yalibaki Kenya peke yake. Kati ya mwaka 2003 na 2020 hayakuwamo katika mashindano ya dunia, kisha yakarudi mwaka 2021, huko Naivasha. Watu bado hujaa kando ya njia kuyatazama.

Kama utakwenda kutazama mbio zozote za magari, kumbuka kona. Gari likikata kona kwa kasi, uzito wake unataka kwenda moja kwa moja. Likiteleza, litatoka upande wa nje wa kona. Watu wengi hupenda kusimama huko nje kwa sababu wanaliona gari likija usoni mwao. Hapo ndipo linapoangukia. Simama upande wa ndani, mbali na njia, mahali palipoinuka.

Na usimhesabie dereva kuwa atafunga breki. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi ya kusimama baada ya kufunga breki haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne. Gari linalohitaji hatua kumi ili lisimame litahitaji hatua arobaini. Mtoto anayevuka barabara kufuata mbuzi hajui hesabu hiyo. Mfundishe leo, kwa kuhesabu hatua pamoja naye barabarani, wakati hakuna gari.

MASWALI

1. Mwaka 1963 magari mangapi hayakufika mwisho?
2. Kwa nini Volkswagen ilipita vizuri katika matope?
3. Injini ikiingia maji ndani, kwa nini inavunjika?
4. Nani anasafisha chujio la mashine ya kusaga kijijini kwenu, na kila baada ya siku ngapi? Kama darasa halijui, chagueni mtu mmoja aende akaulize kabla ya somo lijalo.