Danieli Alipohubiriwa Nyeri

Leo twaangalia ugomvi wa zamani sana: mkubwa ni nani, mfalme au kanisa? Huko Ulaya, Januari 1077, Mfalme Henry IV wa Ujerumani alingoja siku tatu kwenye baridi nje ya ngome ya Canossa, ili Papa Gregory VII amwondolee adhabu ya kutengwa. Walikuwa wakigombania haki ya kuteua maaskofu. Na mwaka 1170, watu wa mfalme wa Uingereza walimwua Askofu Mkuu Thomas Becket ndani ya kanisa lake.

Lakini hata sisi wa Mlima Kenya tumeyaona yetu. Wazee mtakumbuka mlolongo. Mwaka 1986 KANU iliamua kwamba katika uteuzi, wapiga kura wajipange mchana kweupe nyuma ya mgombea au picha yake. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alikuwa amepita, hakuna kura ya siri tena.

Wachungaji wa NCCK walikataa mwaka huo huo. Hawakuwa wanatafuta vyeo. Waliuliza tu: pasta akionekana kwenye mstari wa fulani, wale wa mstari mwingine atawachungaje kesho? Nasi twaongeza: na yule aliye na deni kwa mgombea, atapanga wapi? Tuseme ukweli, makanisa hayakuwa kitu kimoja. African Inland Church ilijitoa NCCK wakati huo.

Juni 1987 Askofu David Gitari alihubiri mjini Nyeri juu ya Danieli sura ya 6, pale wakubwa wanapomfanya Mfalme Dario atie sahihi sheria haraka haraka, na Danieli anaendelea kuomba madirisha yakiwa wazi. Hebu fikirini, sura ya Biblia tu! Wanasiasa waliwaka. Usiku mmoja wa Aprili 1989 watu walivamia nyumba yake Kirinyaga. Alipanda juu ya paa akawaita majirani, wavamizi wakakimbia.

Papa Gregory alikuwa na adhabu ya kumtisha mfalme. Gitari alikuwa na mimbari, na majirani waliosikia. Desemba 1990 KANU yenyewe iliuacha mlolongo.

Kwa mkutano wenu ujao, someni Danieli 6:1-16 kwa sauti. Halafu mjadili: sisi tunamchagua mweka hazina namna gani? Je, ni kwa kuinua mikono mbele ya yule aliyetukopesha?